Mwaka wa Uchaguzi wa Gredi ya Tisa

Akoth, mwanafunzi wangu wa zamani, alinipigia simu asubuhi, nikiwa nachambua maharagwe uani kwangu Isebania, na kabla hajasema neno nilijua kuna jambo. Watoto wa bweni hawana simu. Mwanafunzi akiazimwa simu ya mwalimu apige katikati ya muhula, hapo si salamu. "Madam Robi," akasema, "Baba hayuko." Nami, jinsi mtu mjinga aulizavyo, nikamuuliza, "Hayuko, kwani ameenda wapi?" Nikasikia kengele ya shule yake huko Homa Bay na vishindo vya wenzake wakikimbilia darasani, ndipo nikaelewa. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na minne, na neno jepesi kama hilo likanipita! Wala si mara ya kwanza. Habari ninayotaka kuisimulia hapa ni ya maneno mepesi yaliyonipita katika mwaka wangu wa mwisho kazini, mwaka ambao nilidhani nimekwisha kujua yote ya ualimu.

Nilikozaliwa na walionilea nitawaacha hapo walipo. Hawana kosa katika habari hii. Mwaka ninaousema ni ule ambao watoto wa kwanza wa mtaala mpya walifika Gredi ya Tisa, na wazazi wakatakiwa kuamua njia ambayo mtoto atafuata katika sekondari ya juu. Wengine wakisimulia mwaka uliowaunda husimulia ujana wao. Mimi wangu ulinikuta na mvi, na miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kuitafutia hiyo ya kusomea. Mume wangu alikuwa hajatimiza mwaka kaburini barua ya uhamisho ilipofika. Wanangu, wote wako Nairobi, wakaniambia nikatae. Nikawauliza, nikatae nikae na nani? Nikafunga sanduku nikaenda upande wa Sori, kwenye shule ya kando ya ziwa iliyokosa mwalimu wa Kiswahili. Kaunti ni hiyo hiyo moja ya Migori, lakini lugha ilikuwa ya watu wengine, na Kidholuo changu kiliishia kwenye salamu na kuomba maji.

Nilipanga chumba cha mwisho katika safu ya vyumba vinne vya mabati. Kitanda, meza, jiko la gesi, ndoo mbili, na kalenda ya kanisa ambayo aliyehama aliiacha ukutani, nami sikuwahi kuitoa. Kati yangu na jirani, Mama Beldina, palikuwa na ukuta wa mbao usiofika juu, kwa hiyo nilikula chakula changu cha jioni pamoja nao bila wao kujua. Walikuwa watu wa kucheka. Mama anasema jambo, baba anajibu, watoto wanaangua kicheko, na mimi huku ninatafuna ugali nisijue kilichochekesha ni nini. Mara moja moja nilidaka neno japuonj, yaani mwalimu, na hapo nilikuwa naacha kutafuna kabisa. Wananisema mimi? Wanasema mwalimu mwingine? Sikuuliza. Nilikuwa nimezoea kusonga ugali wa watu wawili, na mkono ulikataa kujifunza kipimo kipya, kwa hiyo kila asubuhi nilikula kiporo na chai. Nilikuwa mpweke, nasema wazi, na upweke wangu niliufunika kwa ukali. Leo najua ningegonga tu ule mlango wa jirani nikasema nimepika kingi. Lakini mwaka ule nilikuwa Madam, na Madam hagongi milango ya watu na sufuria mkononi.

Shuleni nilisifika kwa kusahihisha. Nilisahihisha vitabu vya watoto, matangazo ya ofisi, maombi ya asubuhi, hata bango la kantini. Mwalimu Mkuu, bwana mpole aliyependa kazi zake ziishe mapema, aliandika barua ya kuwaita wazazi wa Gredi ya Tisa, na humo akaweka "pathway selection" kama ilivyokuja kwenye karatasi za wizara. Nikamwambia, "Mwalimu, hii ni barua ya Kiswahili au ni mchanganyiko wa maharagwe na mahindi? Kiswahili kina neno." Akanisukumia kalamu. "Andika wewe, Madam, wewe ndiye mwenye lugha." Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: *Uchaguzi wa njia ya masomo utafanyika Ijumaa saa nne asubuhi. Kila mzazi ni lazima afike.* Nikaisoma mara mbili, nikaridhika sana.

Walifika wote. Katika miaka yangu yote ya kazi sijaona mkutano wa wazazi uliojaa vile. Kina mama waliacha omena zao, dagaa wa ziwani, juani, wanaume wakaja na mashati ya Sabato ilhali ilikuwa Ijumaa, na karibu kila mmoja alikuwa na kitambulisho chake mkononi. Nilimwona mama mmoja mlangoni akikifuta chake kwa ncha ya leso, nikamuuliza cha nini. "Madam, si leo ni uchaguzi?" akasema. "Ndiyo, mama, ni uchaguzi," nikamjibu, tena nikatabasamu, nikifurahi kwamba barua yangu imeeleweka. Jamani! Nikilikumbuka lile tabasamu hata leo natamani kuuficha uso.

Niliwaeleza vizuri, hilo sitajinyima. Niligawa ubao sehemu tatu, na Mzee Ochola, mwenyekiti wa wazazi, akawa anageuza maneno yangu kwa Kidholuo. Nikasema njia ya kwanza ni ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, hiyo wanayoiita STEM. Humo wanatoka madaktari, mafundi wa mitambo, watu wa kilimo na wa kompyuta. Ya pili ni sayansi za jamii: lugha, historia, dini, biashara, humo wanatoka mawakili, walimu, wahasibu. Ya tatu ni sanaa na michezo: uchoraji, muziki, uigizaji, riadha. Baba mmoja akauliza, "Madam, hiyo namba tatu ni ya wale wameanguka?" Nikamwambia hapana, hakuna ya mbele wala ya nyuma, nimeziandika hivyo kwa sababu ubao una kushoto na kulia. Mwingine akauliza kama cheti cha mwisho ni kimoja au ni vitatu. Nikamjibu kwamba kila njia ina mtihani wake wa kumalizia na kila njia inafika chuo kikuu na chuo cha ufundi, mradi masomo aliyoshika mtoto yalingane na kozi anayoitaka. "Hata hapo chuoni Rongo watamchukua?" Hata Rongo, nikasema. Wakatikisa vichwa. Nikaona kazi nimeimaliza.

Sasa Mzee Ochola ni mtu aliyesimamia kura nyingi maishani mwake. Kila uchaguzi mkuu alikuwa wakala kwenye kituo, na anapenda utaratibu kuliko chakula. Akaniambia, "Madam, kaa chini upumzike, sasa wacha niwaulize." Nikakaa. Akauliza jambo kwa Kidholuo, mikono ikainuka karibu darasa zima. Nikajua ameuliza nani ameelewa. Akauliza tena, ikainuka mikono kama kumi. Hao, nikasema moyoni, ndio ambao hawajaelewa vizuri. Akauliza mara ya tatu, ukainuka mkono mmoja tu, nyuma kabisa karibu na dirisha, wa mwanamume mwembamba mwenye rangi ya buluu vidoleni. Nilimfahamu kwa sura, alikuwa baba yake Akoth, mchoraji wa boti, ndiye aliyeandika majina na maua kwenye boti nyingi za pale Sori. Hakuupunga ule mkono, aliuinua ukasimama. Nikadhani ana swali. Wali ulikuwa unapoa jikoni na Mwalimu Mkuu alikuwa anatazama saa, basi nikasema kwa sauti yangu ya darasani, "Baba, teremsha mkono, swali lako nitalisikiliza baadaye." Watu wakacheka. Akauteremsha. Mzee Ochola akanigeukia akasema, "Tumemaliza, Madam. Wamekubaliana."

*Wamekubaliana.* Mimi nikasikia "wamekubali." Mimi, niliyefundisha kauli ya kutendana kila mwaka, niliyewachapa watoto kwa maneno makali kwa kuchanganya "wamepiga" na "wamepigana," nikapiga makofi pamoja na wao. Tukaenda kula wali. Baba Akoth hakuja kula, na lile swali la baadaye sikumtafuta nilisikilize.

Fomu walizopewa wazazi wajaze zilirudi wiki iliyofuata, arobaini na tatu, na zote zilisema STEM. Mwalimu Mkuu alifurahi kupita kiasi. "Unaona, Madam, umewapa motisha!" Mimi nilikuwa nawaza mtoto kama Akoth. Hisabati ilikuwa inamtoa jasho, lakini nyuma ya kila daftari lake palikuwa na mikono, nyuso, na visigino vya wanawake wanaobeba ndoo, vimechorwa kwa kalamu ya wino hadi unaona nyufa. Nyuma ya fomu yake pia alikuwa amechora, mkono mmoja ulioinuka, akaufuta kwa raba lakini alama ilibaki. Nikamwita pembeni ya darasa. "Akoth, wewe ni sayansi?" "Ndiyo, Madam." "Umependa mwenyewe?" Akatazama viatu vyake. "Baba alisema tulishindwa." "Mlishindwa na nani?" Akaniinulia macho kama mtu anayeulizwa jina la mahali anaposimama. "Si ni kwa kura, Madam. Sayansi ilipata wengi."

Nilikaa kwenye dawati la mtoto. Ndipo vitambulisho vikanijia, na mikono, na makofi. Kwa Kidholuo, nilikuja kuambiwa, kuchagua na kupiga kura ni neno moja, yiero. Na kwa Kiswahili changu je? Uchaguzi ni kitu gani kwa Mkenya yeyote, kama si debe na mshindi na aliyeshindwa? Wazazi wale walinielewa sawasawa. Mimi ndiye sikujua nilichoandika. Walikuja, wakasikiliza wagombea watatu, wakapiga kura, na waliokuwa wachache wakafanya linalofanywa na watu waungwana, wakarudi nyumbani na kufuata walio wengi.

Nilimweleza Mwalimu Mkuu. Akavua miwani, akacheka, kisha akaacha kucheka kwa sababu dirisha la kompyuta la kuingiza majina lilikuwa linafungwa Ijumaa na siku hiyo ilikuwa Jumatatu. "Waache, Madam. Sayansi si sumu." Nikamwambia sayansi si sumu lakini Akoth si kura. Akakubali, nadhani kwa kunihurumia. Siku iliyofuata wazazi wakaja tena, safari hii kwa manung'uniko, nami nikasimama mbele ya ubao ule ule na kusema kosa ni langu. Mzee Ochola alikasirika kabisa. "Unataka marudio ya uchaguzi? Kwani nani aliiba?" Nikamwambia hakuna aliyeiba, Mzee, hakukuwa na uchaguzi, kila nyumba inaamua ya mtoto wake, na jirani yako akichagua lingine hajakushinda wala hujamshinda. Kisha yule mama wa kitambulisho akasema kwa uchungu, "Na kwa nini hukusema hivyo tangu mwanzo?" Tukakaa nao, mmoja mmoja, siku mbili nzima, mtoto katikati. Wengi walibaki na sayansi, sasa kwa hiari yao. Kijana wa mwenye duka akaenda biashara, mapacha wawili wakagawanyika na kulia.

Lakini baba Akoth hakuja. Jumatano jioni nilikwenda nyumbani kwake. Mkewe alinipa kiti akakaa juu ya mkeka, akaitazama fomu mpya bila kuigusa. "Madam, mimi siwezi kuandika hapo," akasema. "Siku hiyo alirudi hapa akakataa chakula. Wanaume walimcheka mpaka dukani. Akasema hiyo maneno isiguswe tena kwa hii nyumba." Nikamuuliza yuko wapi. Yuko kisiwani Mfangano, akasema, wenye boti wa huko wamemwita awapakie rangi, na simu yake ilianguka majini tangu Jumamosi. Akoth alikuwa amesimama mlangoni na jagi la chai. Ilikuwa wazi kwangu kwamba ifikapo Ijumaa jioni jina la mtoto yule litafungiwa mahali kwa miaka mitatu kwa sababu nilimwambia baba yake ateremshe mkono. Nikasema nitakwenda mwenyewe.

Alhamisi alfajiri niliondoka kwenda Mbita, na kutoka Mbita nikapanda meli ya abiria. Sikuwa nimewahi kuvuka maji yoyote makubwa kuliko Mto Migori. Nilishika nguzo njia nzima, na mama aliyekaa karibu, mwenye kuku kwenye kikapu, akanisemesha kwa Kidholuo, nikamwambia sijui, akanitazama kwa huruma na kunipa nusu ya chapati yake. Nilikula nikiwa namwaza mume wangu. Angenicheka sana kuniona pale, yeye aliyesema mimi hata bafuni naogopa maji yakinifika magotini.

Baba Akoth nilimkuta mchana, ufukoni, amechuchumaa kando ya boti iliyowekwa juu ya magogo. Omena zilikuwa zimeanikwa pande zote na harufu yake ilikuwa kali. Alikuwa ameandika neno moja kubwa ubavuni mwa boti, jekundu lenye kivuli cha njano. Aliponiona akasimama, brashi mkononi, akashtuka kweli kweli. "Madam? Akoth ako sawa?"

"Yuko sawa. Nimekuja kwako."

"Umetoka Sori mpaka hapa?"

Nikamwambia habari ya fomu. Akarudi kuchuchumaa akaendelea kupaka. "Hiyo iliisha, Madam. Mimi nilipiga kura yangu, nikashindwa. Mtu akishindwa anarudi kwake. Hata mkubwa akishindwa anarudi kwake."

"Baba Akoth, haikuwa kura."

Akapaka hadi mwisho wa herufi, akainua brashi. "Kama haikuwa kura, mbona uliniambia nishushe mkono?"

Nilikuwa nimejiandaa kueleza neno uchaguzi, asili yake na matumizi yake. Yote nikayaacha. "Nilidhani una swali," nikasema. "Sikujua wengine wanafanya nini. Sijui lugha yenu, na niliona haya kuuliza. Nisamehe, baba."

Akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Swali pia nilikuwa nayo," akasema. "Nilitaka kuuliza, hao watu wanafundisha kuchora, wako kweli? Ama ni maneno ya serikali? Kwa sababu mimi nilijifunza peke yangu. Miaka ishirini. Naandika herufi, narudi nyuma naangalia, na hakuna mtu ya kuuliza kama imekaa vizuri. Watu wanasema tu, rangi imekauka? Akoth akianza kuchora nikasema, asante Mungu, huyu sasa atakuwa na mtu ya kuuliza." Nikamwambia wako, tena kuna shule Homa Bay yenye walimu wa hilo tu. Akaitikia kwa kichwa taratibu.

Kisha akanionyesha boti kwa kidevu. "Na hii, Madam? Imekaa vizuri?" Nikasogea nyuma nikatazama. Alikuwa ameandika SUKURANI, vile anavyolitamka. Mimi ambaye sijawahi kuacha kosa lipite! "Herufi zimekaa vizuri sana," nikasema, na ilikuwa kweli, zilisimama zimenyooka kama watu wanaopigwa picha. Akanikazia macho. "Madam, unaficha kitu." "Kuna H," nikasema. "Wapi?" "Baada ya S." "Na hiyo U ya pili?" "Hiyo... hiyo iache, inapendeza." Akacheka mpaka akaishika boti, akachovya brashi, akaipachika H ndogo juu, kati ya S na U, na kuipaka kivuli chake cha njano kama zile nyingine.

Mama muuza chakula alituletea ngege wa kukaanga na ugali, sahani mbili, tukakaa kwenye gogo. Nilikuwa sijui kula samaki mwenye miiba, baba Akoth akanifundisha pa kuanzia. Tangu nimzike mume wangu sikuwa nimekula mchana na mtu anayenitazama usoni, na nilipomaliza nikagundua ugali umenitosha, haukubaki. Akafuta mikono kwa mafuta ya taa, akaweka sahihi kwenye fomu, pale penye sanaa, na kidole gumba chake kikaacha alama ya buluu kando. Asubuhi ya Ijumaa Mwalimu Mkuu akasema fomu imechafuka, nijaze nyingine. Nikamwambia hiyo hiyo. Akaiingiza saa nne.

Mwaka ukaisha, nami nikastaafu. Mama Beldina alinifungia omena kwenye gazeti, na mlangoni akaniambia kwa Kiswahili safi kuliko nilivyotarajia, "Madam, siku zote tulikuwa tunasema, huyu mwalimu anapika kingi, kwa nini haiti mtu?" Hayo ndiyo waliyokuwa wakiyasema nyuma ya ule ukuta wa mbao! Nilipanda gari nikalia hadi Migori mjini. Januari Akoth akaenda Homa Bay, na barua yake ya kwanza ilikuwa na mchoro badala ya maneno: baba yake, kwa mgongo, akisogea nyuma kutazama kazi.

Basi baada ya ile simu ya asubuhi nilikwenda kumzika baba Akoth. Si ziwa lililomchukua, kama watu walivyodhani mwanzoni. Kifua tu, alikohoa muhula mmoja akamaliza. Uwanjani palijaa watu, nikakaa nyuma kabisa kwenye kiti cha plastiki, na hotuba zote zilikuwa za Kidholuo. Msalaba ulikuwa umeegemezwa kwenye jeneza. Akoth aliuandika mwenyewe, jina la baba yake kwa nyekundu na kivuli cha njano, na chini yake SHUKURANI, na ile H ndogo imepachikwa juu kati ya S na U. Mtu wa mbele yangu akamnong'oneza mwenziwe kwa Kiswahili kwamba mtoto amekosea. Sikumsahihisha.

Mzee Ochola ndiye aliyeongoza shughuli. Aliwaita ndugu, wakasema, wakwe, wakasema, kanisa, wenye boti. Mawingu yalikuwa yanakusanyika. Kisha akauliza jambo, akangoja, na hakuna aliyejibu, na mimi sikujua ameuliza nini. Nikainua mkono. Watu wakageuka. Mzee akatazama mbingu, akatazama saa yake, akasema kwa Kiswahili, kwa upole, "Madam, muda umetupita. Teremsha mkono, kama ni swali nitakusikiliza baadaye."

Akoth akasimama pale mbele, kando ya msalaba, na sare yake ya shule. "Mzee," akasema, "huyo hana swali."

Nikanyanyuka. Niliyokuwa nimeyapanga yote yalinitoroka. Nikasema, "Huyu baba aliinua mkono peke yake mbele yenu, kwa ajili ya mtoto wake, nami nikamwambia ashushe. Leo nimekuja kuinua wangu." Mzee Ochola akayageuza kwa Kidholuo, polepole, bila kupunguza kitu. Sikuushusha mkono. Na kule mbele, Akoth akainua wake, wenye rangi vidoleni, tukawa wawili.